Baba anawaagizia chai watoto nisiowaona

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa sita usiku nikiwa ukumbini. Baba ndiyo kwanza amelala, na mie usingizi umeruka. Nina miaka 43, naishi na baba yangu mzazi hapa Ngamiani, Tanga, pamoja na mwanangu wa kiume wa miaka 8. Mama alitutoka miaka sita iliyopita. Baba ana miaka 79. Alikuwa mtu wa reli, fundi, na hata leo ukimwamsha usiku wa manane umwambie akutajie stesheni za kwenda Moshi atakutajia: Pongwe, Ngomeni, Muheza, Korogwe, Mombo, anateremka nazo kama anasoma ukutani. Ndiyo maana kila nikiambiwa ana ugonjwa wa kusahau nakataa. Mwenye kusahau si angeanza na stesheni?

Ilianza mfungo wa mwaka juzi. Tumekaa tunafuturu, baba akanishika mkono akaninong'oneza: "Hawa watoto wa nani? Mbona hujawapa uji?" Nikatazama kochi refu. Hapana mtu. Nikacheka, maana baba ni mtu wa utani. Yeye hakucheka.

Tangu hapo huja karibu kila siku, kuanzia alasiri jua likiinama hadi baada ya isha. Watatu, siku nyingine wanne. Anasema wamevaa nguo safi na mmoja ana kofia. Hawasemi kitu, wanakaa tu wakimtazama. Hawaogopi, tena naona kama amewazoea: "Wape chai hawa, wametoka mbali." Kuna siku alimfukuza mbuzi chini ya meza. Hao wote sina neno nao. Anayemtia hofu ni mtu mmoja mrefu anayesimama mlangoni mwa chumba chake usiku. Huyo akija, baba hutoka na bakora.

Nimejaribu kila njia. Mwanzo nilimbishia. Nilimkokota hadi kwenye kochi, nikapigapiga mto nikamwambia, "Baba gusa, hamna kitu." Akagusa. Akanitazama kwa huruma akasema, "Wamesogea kukupisha." Siku nyingine nimetoka sokoni Mgandini nimechoka, jua limenipiga, nikamkuta anaita "njooni, njooni", nikapandisha sauti: "Hakuna watoto, baba! Umechanganyikiwa!" Alinyamaza, halafu akalia. Sikumwona baba akilia hata siku tuliyomzika mama.

Kuanzia hapo nikawa namimina chai. Vikombe vitatu mezani, yeye roho yake safi, mie naokoa jioni yangu. Mpaka kaka yangu mkubwa akaja bila taarifa akavikuta vikombe mbele ya kochi tupu. Akasema ndiyo haya, namlisha baba na majini yake. Akaleta fundi wake, ukafukizwa ubani, baba akanyweshwa kombe, na sasa tunatakiwa mbuzi mweusi na shilingi laki tatu. Majirani nao wameanza maneno: eti hao watoto ni misukule ya baba.

Hospitali tulikwenda. Ilikuwa usiku aliompiga bakora yule mtu wa mlangoni akavunja kioo cha kabati, akajikata. Kwenye kituo kimoja walimfunga kidonda, wakamchoma sindano ya kumtuliza. Kesho yake hakuinuka. Alikakamaa kama gogo, mate yanamtoka, kijiko hakipiti mdomoni. Siku nne. Niliporudi kulalamika nikaambiwa ni uzee, nikapewa vidonge vidogo vya kulegeza mwili. Mwili ulilegea kweli, ila watoto wakaongezeka wakawa darasa zima.

Kinachonichanganya zaidi, zipo siku baba yuko sawasawa. Anasoma gazeti, ananikosoa chumvi. Kesho yake anakodolea ukuta saa nzima, au anahangaika na mkono wa shati haoni unapoingia. Usiku nampa piriton mbili ili alale, maana vinginevyo anarusha mateke na ngumi hadi anaanguka kitandani. Hilo la mateke si jipya. Marehemu mama alihama kitanda tangu mie niko sekondari, akisema baba anapigana na majambazi ndotoni.

Shangazi, baba amerukwa na akili? Nimwambie ukweli au niendelee kumimina chai? Na mwanangu sasa hataki kabisa kukaa kwenye lile kochi. Nifanyeje?

Binti wa Ngamiani

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia na ile "wamesogea kukupisha". Mara ya pili nikachukua kalamu nikapigia mstari mambo mawili uliyoyapita mbio kama mtu anayewahi basi: sindano, na mateke ya usingizini. Chai tutaifikia, lakini ngoja kwanza, kwa sababu moja katika hayo mawili lingeweza kukuzikisha baba.

Kabla ya safu hii nilivaa gauni la uuguzi miaka mingi, na mie si daktari wa kumwandikia baba yako ugonjwa kwa barua. Ila picha uliyochora naijua. Mzee anaona watu na wanyama waziwazi, wana nguo na kofia, wanarudi siku hadi siku. Leo yuko mzima, kesho amezubaa. Stesheni zote kichwani, lakini mkono wa shati umempotea. Anapigana ndotoni tangu enzi za mama yako. Na akipewa dawa ya kutuliza anakakamaa. Ukiyaweka hayo kwenye sinia moja, daktari yeyote anayejua mambo ya wazee atakuuliza kuhusu ugonjwa wa Lewy.

Lewy ni jina la mtu. Friedrich Lewy, daktari wa Ujerumani, mwaka 1912 aliona vibonge vidogo vya protini ndani ya chembe za ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Ilichukua hadi mwaka 1976 ndipo daktari wa Japani, Kenji Kosaka, akaeleza mgonjwa ambaye vibonge hivyo vilitapakaa ubongo mzima na kumletea upungufu wa akili wa aina yake. Aina hii haianzi lazima na kusahau, ndiyo maana stesheni zimekudanganya. Inaanza na umakini, na uwezo wa ubongo kupanga kile jicho linachokileta: kikombe kiko wapi, mkono wa shati unaanzia wapi, hiki ni kivuli au mtu. Na usijilaumu kwa kutoigundua. Mchekeshaji wa Marekani Robin Williams, mwenye uwezo wa kuonwa na daktari yeyote, aliambiwa ana Parkinson. Ilijulikana kuwa ni Lewy baada ya kufa kwake mwaka 2014, ubongo ulipochunguzwa.

Sasa mateke. Mtu akiota, ubongo huufunga mwili ili asiyatende anayoyaota. Kwa watu wa ugonjwa huu kufuli hiyo hulegea mapema, mara nyingine miaka 10 au 20 kabla ya mengine kuonekana. Mama yako, Mungu amrehemu, aliuona ugonjwa huu kabla ya daktari yeyote, akaukimbia kwa kuhama kitanda. Mwambie daktari habari hiyo hata kama hakuuliza, maana wengi hawaulizi.

Sindano ndiyo ya hatari. Jina la dawa hukuniandikia, lakini mgonjwa anayeona vitu na kushika bakora mara nyingi huchomwa haloperidoli au klopromazini. Ni dawa zenye kazi yake, nimezitumia wodini. Kwa mwenye ugonjwa wa Lewy, kati ya theluthi na nusu ya wanaopewa dawa za jamii hiyo hupata madhara makali: kukakamaa, usingizi mzito, kushindwa kumeza, homa, na wapo wanaokufa. Zile siku nne hazikuwa uzee. Rudi kituoni kwa adabu, omba jina la dawa kwenye faili. Kisha andika kwenye karatasi ngumu, kwa herufi kubwa: MZEE HUYU ALIKAKAMAA SIKU NNE BAADA YA SINDANO YA KUTULIZA, na jina la dawa chini yake. Moja ikae kwenye pochi yake, nyingine kwenye simu yako, ya tatu mpe kaka yako. Usiku wa dharura wewe utakuwa unalia na hutakumbuka kusema.

Vile vidonge vya kulegeza mwili, kama ni benzheksoli, ile iliyozoeleka kwa jina la Artane, ndiyo iliyokuletea darasa zima. Nikueleze kwa nini, maana hapo ndipo penye fundo la habari yote. Ubongo una kemikali iitwayo asetilikolini, inayousaidia kukaa macho, kushika jambo na kupambanua kinachoonekana. Katika ugonjwa huu kemikali hiyo hupungua sana. Benzheksoli huizuia. Piriton nayo huizuia, na ndiyo maana inakausha mdomo. Kwa hiyo kila usiku, kwa nia njema, unachota maji kwenye mtungi ambao umeshabaki na tone. Piriton za usingizi hakuna aliyekuandikia, acha leo. Vidonge vya hospitali usivikate mwenyewe ghafla. Vipeleke kwa daktari haraka, umweleze kilichotokea. Hali kadhalika dawa nyingine zozote anazomeza, za mzio, za mkojo, za usingizi, amitriptilini, tramadoli, tia zote kwenye mfuko mmoja uende nazo, hata zile za kienyeji.

Kemikali hiyo hiyo ndiyo mlango wa tiba. Zipo dawa, donepezili na rivastigmini, zinazoizuia isiharibike upesi. Haziponyi. Lakini kwa wagonjwa wa Lewy mara nyingi hupunguza hayo maono na kumrudishia mtu utulivu wake. Daktari atapima kwanza mapigo ya moyo, kwa sababu zinaweza kuyapunguza kasi.

Anza hospitali ya rufaa ya Bombo, hapo hapo mjini kwenu. Omba kuonana na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani au kliniki ya afya ya akili. Wakiona inafaa watawapeleka mbele, Muhimbili. Baba ana zaidi ya miaka 60, basi ulizia dirisha la wazee na utaratibu wa msamaha wa gharama. Nenda na daftari la wiki mbili: saa gani wamekuja, alikula nini, alilala vipi, dawa gani. Na umrekodi kwa simu siku mbaya moja na siku nzuri moja, kwa sababu nakuhakikishia siku ya kliniki atakuwa mzima kama bwana harusi, atamsalimia daktari, atataja stesheni, na wewe utaonekana mzushi. Omba pia presha yake ipimwe akiwa amelala na akiwa amesimama. Katika ugonjwa huu presha huporomoka mtu anaposimama, ndipo wanapoanguka.

Kuna mambo mawili lazima wayatazame kabla ya kutaja Lewy. La kwanza ni macho. Mzee wa miaka 79 kuwa na mtoto wa jicho ni jambo la kawaida, na jicho lenye ukungu huupa ubongo kazi ya kujaza mapengo. Mwaka 1760 Mswisi Charles Bonnet aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee wa miaka 89 mwenye mtoto wa jicho, aliyekuwa akiona watu, ndege, magari ya farasi na majumba. Akili yake ilikuwa timamu na alijua kwamba havipo. Baba yako anawaagizia chai, kwa hiyo si yale yale, lakini jicho likitibiwa linaweza kumpunguzia mzigo. La pili ni kuweweseka kwa maradhi ya mwili. Malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, sukari kupanda au kushuka, hata choo kilichofunga siku tano, vyote humfanya mzee aone visivyokuwepo. Hicho huja ghafla, kwa saa au siku chache. Hadithi yenu ni ya mwaka na zaidi, ila siku yoyote utakapomwona amebadilika ghafla kuliko alivyokuwa jana, usiseme "ni yale yale ya baba". Mpeleke siku hiyo hiyo.

Umeniuliza kama amerukwa na akili. Ubongo wake unaumwa, kama figo inavyoumwa. Na mara nyingi sana ugonjwa huu haurithiwi, kama ndilo lililokukosesha usingizi ukaona aibu kuliandika.

Haya, chai.

Nakuelewa kabisa ulivyofika kwenye vile vikombe vitatu, na sitakucheka. Kumbishia uliona kulikokufikisha. Kwake wale watoto ni wa kweli kama wewe ulivyo wa kweli. Ukimwambia hawapo unamwambia mambo mawili, kwamba yeye mwongo na kwamba yuko peke yake. Ndiyo maana alilia. Lakini kumimina nako kuna kesho yake. Leo vikombe vitatu, kesho atakuuliza mbona hawanywi, keshokutwa utatandika mikeka. Utakuwa umeingia kwenye mchezo usiojua sheria zake, na wewe ni mtu unayechoka.

Mie ningeshika njia ya kati. Usiape kwamba unawaona, usiape kwamba hawapo. Muulize. "Wako wangapi leo, baba? Wanakusumbua?" Akisema hawamsumbui, hapo hakuna ugonjwa wa kutibu jioni hiyo, hata madaktari wengi huacha maono yasiyomtisha mgonjwa kuliko kumpa dawa. Akikuuliza moja kwa moja, "Kwani wewe huwaoni?", mjibu kweli, kwa upole: "Mie siwaoni, baba, ila najua wewe unawaona." Utashangaa jibu hilo linavyotosha. Nilimuuguza bibi mmoja aliyekuwa akiona kuku wodini, na tangu siku nilipomjibu hivyo akawa ananihesabia, "Leo sita, nesi," kisha anageukia uji wake. Na akisema wapewe chai: "Chai ipo jikoni, haitapotea. Wewe kunywa yako kwanza isipoe." Kikombe kimoja, cha kwake, mkononi mwake, nawe ukae karibu naye na cha kwako. Mwongoze kwenye stesheni. Muulize treni ilisimama muda gani Korogwe, abiria walinunua nini dirishani. Mara nyingi watoto huondoka wenyewe mtu anapopata wa kuzungumza naye.

Huyu mrefu wa mlangoni ni kesi nyingine, huyo anatisha. Usimwachie baba apambane naye peke yake. Washa taa, ingia kati yake na mlango, mshike mkono, "Nipo, baba, twende ukumbini." Mtoe chumbani, maono mengi hayamfuati mtu kwenye chumba chenye mwanga. Bakora usimnyang'anye kwa nguvu, badala yake mpe mkono wako ashike. Halafu asubuhi, nifanyie hisani, simama pale kitandani kwake kimo cha mto, utazame mlango. Kuna nini hapo? Nakisia kanzu kwenye msumari. Au koti la mvua. Au kioo cha kabati kinachomrudishia taswira yake mwenyewe, mzee mrefu mwenye bakora, na hapo nadhani umeelewa alimpiga nani usiku ule.

Chumba hicho nakishughulikia zaidi kuliko dawa. Kanzu ikunjwe iingie kabatini. Kioo kipya kama mmekitia, kifunikwe kwa kanga isiyo na maua makubwa. Vivyo hivyo mapazia na vitambaa vya makochi vyenye nakshi nzito, maana ubongo huu unatengeneza nyuso kutokana na maua. Taa ya ukumbini iwashwe saa kumi na moja jioni, kabla giza halijaanza kuingia, si baada ya maghrib. Umeme ukikatika taa ya chaji iwe tayari, si kibatari kinachochezesha vivuli ukutani. Usiku iwepo taa ndogo njia ya chooni. Godoro lishushwe karibu na sakafu, na vitu vyenye ncha visogezwe, kwa ajili ya mateke. Mchana mtoe barazani apate jua na watu. Akisinzia mchana kutwa usiku atakulipisha.

Kuhusu kaka yako, usigombane naye kwa vibonge vya Lewy. Hatakuelewa, na ana machungu yake kama wewe, tofauti yake ni kwamba anakuja na kuondoka. Mpe kazi. Akae na baba jioni tatu mfululizo, saa kumi hadi saa mbili usiku, yeye na daftari. Kumsomea Kurani hakuna ubaya wowote, tena sauti aliyoizoea tangu utotoni humtuliza mzee. Ubani wa kumfukiza ndani ya chumba kilichofungwa, kumnyima chakula, kumchanja, dawa za kumeza zisizojulikana, hapo sema hapana, wewe ndiye unayekaa naye. Na hizo laki tatu, mwambie kaka kwa heshima zote kwamba mbuzi mweusi angoje. Vipimo, nauli na dawa vina haja nazo zaidi.

Neno la majirani mie nimelichukulia kwa uzito kuliko lile la kaka. Nchi hii imezika vikongwe kwa macho mekundu ya moshi wa kuni, na misukule si utani mtaani. Usisubiri. Nenda kwa imamu wa msikiti anaoswali baba na kwa mwenyekiti wa mtaa, uwaeleze kwamba mzee ni mgonjwa, anatibiwa, na ugonjwa wake unamfanya aone vitu. Waeleze mambo haya kabla hawajasikia kwa mwingine. Si ugonjwa wa ajabu pia: utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta watu wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana upungufu wa akili wa uzeeni wa aina mbalimbali. Huo mtaa wako una wazee wangapi? Baba hayuko peke yake, wengine wamefungiwa ndani tu.

Na wewe je? Barua nzima hukunitajia hata mtu mmoja anayekupokea. Dada, binti wa shangazi, mtu wa msikitini, mtafute wa kukaa naye hata alasiri mbili kwa wiki, nawe utoke, ukae Raskazone utazame maji, usinunue kitu wala usimpigie mtu simu. Siku uliyompigia kelele ulikuwa umetoka sokoni na jua kichwani. Mwombe radhi kama hujamwomba, hata akiwa amesahau.

Mwanao wa miaka 8 usimwambie ni majini na usimwambie babu mwendawazimu. Mwambie kwamba ubongo wa babu unaumwa, unaota ndoto macho yakiwa wazi, na ndoto za mtu mwingine haziwezi kumgusa yeye. Kisha lile kochi lihamisheni. Lipelekeni ukuta wa pili, karibu na dirisha, mkiondoe kile kitambaa chenye nakshi, na siku ya kwanza ukae wewe hapo na mwanao mkila mahamri, baba mbele yenu. Akikuambia mmewakalia wageni, sogea kidogo kuwapisha.

Shangazi